UZI: Wasiwasi na maisha ya kila siku kwa mtu mzima mwenye usonji. Tuanze kwa kuteremsha mzigo

Kisima_Kirefu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ukitafuta habari za usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo) kwa Kiswahili, utakutana na mtoto: mtoto haongei, mtoto hachezi na wenzake, mtoto apelekwe wapi. Mtoto huyo hukua. Akifika miaka 30 anapanda daladala, analipa kodi ya nyumba, ana bosi, anaitwa kwenye vikao vya harusi, na mara nyingi analala na wasiwasi na kuamka nao. Uzi huu ni wake na wa wanaoishi naye. Naomba tuandike mambo ya kufanya, kwa vipimo, na tuseme yanaharibikia wapi.

Hoja yangu ni hii. Wasiwasi wa mtu mwenye usonji mara nyingi hauanzii kwenye mawazo. Unaanzia kwenye mzigo: kelele, mwanga, joto, mabadiliko ya ghafla, na kutwa nzima ya kujibana ili aonekane kama wengine. Kumwambia "usiwaze sana" ni kama kumwambia mwenye gunia mgongoni apumue vizuri. Mteremshie gunia kwanza, hayo mengine yafuate. Na asidhaniwe anadeka. Tangu 2013, DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili na hali kama hizi, unataja wazi hisi zilizo kali mno au hafifu mno kuwa miongoni mwa dalili za usonji.

Hatua ya kwanza ni daftari, kwa siku 14. Safu tano tu: saa, mahali, kilichokuwa kinasikika au kuonekana au kunuka, mara ya mwisho kula na kunywa maji, na mwili ulivyokuwa. Kila mstari usizidi dakika moja. Mahali linapoharibika ni safu ya mwisho. Watu wengi wenye usonji hawapati jina la kile wanachohisi, basi ukiwauliza "unajisikiaje?" wanaandika "sijui" na daftari linatupwa. Usiandike hisia. Andika kinachoonekana: taya imekaza, mikono imekuwa baridi, nimesoma ujumbe mmoja mara nne, mkojo umenibana tangu saa 5.

Baada ya wiki mbili, utaona mwelekeo. Kwa mwingine ni kila Jumatatu, kwa mwingine ni kila siku aliyoruka chakula cha mchana. Kutokana na hapo, tengeneza ngazi yako ya 0 hadi 5, kila ngazi ikiwa na alama ya mwili au tabia. Mfano: 2 ni kuuliza swali lile lile mara ya pili, 3 sentensi zimekuwa fupi, 4 kuchagua kati ya vitu viwili kumeshindikana, 5 maneno yamekata. Kanuni ni kuchukua hatua kwenye 2. Anayengoja 4 hana tena uwezo wa kukumbuka hatua zenyewe.

---

TibaKwaVitendo_Moshi

Mleta mada umeanzia panapotakiwa. Naongezea upande wa hisi, maana ndiko nafuu hupatikana haraka.

MASIKIO. Viziba masikio vya sponji vipo maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Wengi huvivaa vibaya kisha wanasema havifanyi kazi. Kiviringishe kwa vidole vikavu mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kishikilie kwa kidole sekunde 30 kijae. Kikibaki nusu nje, kitoe uanze upya. Namba ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye pakiti, inayoonyesha kelele inayokatwa, ni ya maabara. Barabarani tarajia kama nusu yake. Kisiporudi umbo lake baada ya kubanwa, tupa. Na kikiwa kichafu usikiingize, utajiletea maambukizi ya sikio.

Usivae kutwa nzima ukiwa nyumbani kwenye utulivu. Sikio likizoea kimya kikali, sauti ya kijiko inageuka nyundo. Vaa kwa ajili ya mahali na muda maalumu, kisha vua. Unapovuka barabara au ukiwa kwenye bodaboda, toa angalau kimoja, honi unaihitaji.

MWANGA. Taa ndefu za mirija za zamani, zenye choki ya chuma, hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa 50 Hz. Wengi hawaoni, ila baadhi ya watu wenye usonji hupata kichwa kuuma na kichefuchefu bila kujua kwa nini. Nyumbani weka balbu ya LED ya mwanga wa njano. Kwenye boksi tafuta 2700K. Kazini, kama taa haibadilishwi, omba meza ya karibu na dirisha au vaa kofia yenye ukingo.

NGUO. Mshono wa ndani na lebo ya shingoni vinaweza kula nguvu za siku nzima. Kata lebo kwa kufumua uzi; ukiikata kwa mkasi inabaki ncha inayochoma zaidi. Mitumba ina faida hapa: kitambaa kimeshafuliwa mara nyingi kikalainika. Ukipata shati linalokaa vizuri, tafuta mengine kama hilo. Kuvaa nguo za aina moja kila siku hakumdhuru mtu.

UZITO. Wengi hutulia wakikandamizwa mwili. Ulaya wanauza blanketi zito, kwa kawaida kama asilimia 10 ya uzito wa mtu. Dar au Mombasa mwezi wa Februari blanketi hilo ni mateso. Shona mfuko wa kitenge wa sentimita 30 kwa 50, ugawe vyumba vinne kwa mshono ili nafaka isikusanyike upande mmoja, jaza kilo 4 za mtama mkavu, weka mapajani au mabegani dakika 20. Usiweke kifuani wala usoni, na mtu awe na uwezo wa kuuondoa mwenyewe. Mfuko ukilowa jasho, anika juani, la sivyo wadudu wataingia.

---

Nuru_Pwani

Swali kwa mtaalamu: hizi hedifoni za kuzuia kelele, bei yake kubwa. Zinastahili?

---

TibaKwaVitendo_Moshi

Inategemea kelele gani, dada Nuru. Zinakata vizuri mngurumo wa chini usiobadilika: jenereta, injini ya basi, feni. Sauti za ghafla na za juu, yaani honi, mtoto kulia, mtu kuita abiria, zinapenya. Kwa mtu anayesumbuliwa na mayowe, kinga za masikio za mafundi, zile za vikombe viwili vikubwa, zitamfaa zaidi na ni nafuu. Ukizivaa juu ya viziba vya sponji unaongeza kama desibeli 5 tu, usitarajie mara mbili. Chagua zinazokaa bila kukaba kichwa. Kwenye joto zivuliwe kila nusu saa ngozi ikauke.

---

Kamau_wa_Thika

Kuhusu usafiri, naongea kwa upande wa Nairobi ingawa Dar haiko mbali.

Kinachochosha kwenye matatu ni mambo matatu kwa pamoja: muziki, kubanana, na kutojua. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Nauli ya asubuhi si ya jioni, na mvua ikinyesha inapanda bila taarifa. Suluhisho ni kutenga nauli mara mbili ya kawaida, katika noti ndogo, mfukoni peke yake. Ikipanda, hakuna hesabu ya kufanya mlangoni huku makanga akikuharakisha.

Pandia stendi ya mwanzo hata kama ni kurudi nyuma kituo kimoja. Unachagua kiti, na kiti cha dirishani mbele hukuacha uguswe upande mmoja tu. Gari lenye spika kubwa liache liende. Panga safari ukijua utaacha magari mawili yapite. Hiyo ni dakika 20 au 30 za ziada, ziandike kwenye ratiba kama sehemu ya safari yenyewe.

Kushuka: kama sauti hukwama, gonga bodi la gari kwa sarafu, au andika jina la stage kwa herufi kubwa kwenye simu umwonyeshe kondakta mapema. Usingoje ufike.

---

Kisima_Kirefu (mleta mada)

Asante sana Kamau. Kwa Dar, usafiri wa mabasi ya mwendokasi una nafuu ya nauli isiyobadilika na vituo vinavyojulikana, ila saa 12 hadi saa 3 asubuhi msongamano ni mkali mno. Mwenye kazi inayoruhusu kuingia saa 4 aombe hivyo.

Niongeze juu ya kutojua, maana ndiyo shina la wasiwasi mwingi. Kabla ya jambo jipya, chukua karatasi uandike mistari mitatu: ninachokijua, nisichokijua, nitafanya nini kama hicho kikienda vibaya. Njia mbili zinatosha, ya kwanza na ya akiba. Dakika 15 tu, mara moja. Kosa la kawaida ni kutengeneza njia kumi. Hapo mpango wenyewe unakuwa wasiwasi kwa jina lingine. Ukiandika, funga.

Kwa familia: mtu akiuliza mara tano "tutaondoka saa ngapi?", mwandikie jibu ubandike mlangoni. Atakapouliza tena, mwonyeshe karatasi kwa upole. Na maneno kama "nakuja sasa hivi", "kesho kesho", "tutaonana jioni" yanamtesa anayeyachukua yalivyo. Mpe muda wenye ukingo: "Kati ya saa 10 na saa 11. Ikifika saa 11 sijafika, nitakutumia ujumbe."

---

Mwana_Tanga

Wakuu, mmesahau jamii. Kwetu huwezi kujifungia. Wageni wanapiga hodi bila taarifa, kuna misiba, kuna harusi, kuna kikundi cha WhatsApp cha michango kinalia usiku kucha.

Salamu zenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zina mpangilio. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, nzuri, tunamshukuru Mungu. Ukiujua huo mpangilio huhitaji kubuni. Tatizo linakuja salamu zikiisha na watu wakabaki wanakutazama. Andaa mambo mawili ya kuuliza na sentensi moja ya kuondokea: "Ngoja nikawasalimie na wengine." Jambo lingine linalosaidia: mbele ya wakubwa, kuinamisha macho ni heshima. Msimlazimishe mtu mwenye usonji kukazia watu macho kwa sababu tu mmeona wazungu kwenye video wakifundishwa hivyo.

Msibani omba kazi. Anayekaa bure kwenye mkeka atazungumzishwa na kila mtu. Anayeandika daftari la rambirambi ana meza, ana kalamu, na kila mtu anajua amwambie nini: jina na kiasi. Kuosha vyombo na kupanga viti navyo vinafaa. Kaa saa moja na nusu, nenda nje robo saa, rudi kama unaweza. Kwa harusi, toa mchango mapema, hudhuria ndoa asubuhi, na ukumbini usiku usiende au ukae mbali kabisa na spika, karibu na mlango. Penye uwazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6.

Siku inayofuata usipange chochote. Hii watu huibeza, halafu Jumatatu wanashangaa mtu ameshindwa kutoka kitandani.

Wageni wa ghafla: mtu mmoja wa nyumbani apewe jukumu la kuwapokea, na mwenye usonji akubaliwe kusalimia dakika tano kisha aingie ndani bila kuitwa tena. Mzee wa familia akishalitamka hilo mara moja, mjadala huisha.

---

Nuru_Pwani

Na hii mbinu ya kuvuta pumzi, inasaidia? Kila mahali wanaitaja.

---

Daktari_wa_Kliniki

Inasaidia baadhi. Namna inayofaa ni kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta: vuta kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6, dakika 5. Ifanyiwe mazoezi siku mtu akiwa mtulivu, mara mbili kwa siku. Anayeijaribu mara ya kwanza akiwa kwenye ngazi ya 4 ya mleta mada atashindwa.

Lakini kuna watu wenye usonji ambao wakielekeza akili kwenye pumzi au mapigo ya moyo, wasiwasi unaongezeka. Hao wasilazimishwe. Watumie misuli: kusukuma ukuta kwa viganja sekunde 10 mara tano, kubeba ndoo ya maji, kupanda ngazi. Au mikono: tasbihi, kusuka ukili, kukanda unga. Kujitikisa mbele na nyuma, kupapasa kitambaa, kurudia neno, hivi ni njia za mwili za kujituliza. Familia zinapovikataza kwa kuona aibu, zinamnyang'anya mtu breki. Cha kuzuia ni kinachojeruhi tu, kama kugonga kichwa; nacho kibadilishwe kwa kingine chenye nguvu kama hiyo, mfano kubana mto kwa mikono yote miwili.

Sasa tofauti muhimu. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, na mtu huhisi anakufa. Mlipuko wa kuzidiwa hutokana na mzigo uliojaa, na huendelea mpaka mzigo uondolewe. Wengine hawalipuki, wanazima: hawaongei, hawasogei, ila wanasikia. Katika hali hizi mbili za mwisho: mtu mmoja tu abaki naye, maswali yakome, sauti ishuke, taa na redio vizimwe, asiguswe bila ruhusa, maji yawekwe karibu. Inaweza kuchukua dakika 20, inaweza kuchukua saa kadhaa. Majadiliano ya "kwa nini umefanya vile" yasiwe siku hiyo.

Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kwa mara ya kwanza, nenda hospitali. Msiyaite wasiwasi kabla hayajapimwa.

Kwa anayezima, awe na kadi ya karatasi kwenye pochi, maana simu huisha chaji: "Nina usonji. Sasa hivi siwezi kuongea lakini ninasikia. Naomba mahali pa kimya. Nitawajibu kwa maandishi." Upande wa pili, namba ya ndugu.

---

Kamau_wa_Thika

Daktari, na dawa je?

---

Daktari_wa_Kliniki

Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Wasiwasi unaoambatana nao unatibika.

Zinazotumika sana ni za kundi la sertraline, dawa za sonona na wasiwasi. Kwa wasiwasi huanzwa mara nyingi na miligramu 25 kwa siku, na kwa watu wenye usonji madaktari wengi huanza chini na kupandisha polepole, kwa sababu madhara huwapata wakiwa na dozi ndogo. Wiki ya kwanza na ya pili kunaweza kuwa na kutotulia, kichefuchefu, usingizi kuvurugika. Nafuu huchukua wiki 4 hadi 6. Hapo katikati ndipo wengi huacha kwa kudhani dawa imewaharibu; mtu aonywe mapema, kwa maandishi. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu na hali ya kushtukashtuka, hivyo hupunguzwa na daktari. Mtu akipata mawazo ya kujiua, hasa mwanzoni au dozi ikibadilishwa, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Watu wazima wenye usonji wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wengine. Wakisema hivyo kwa sauti tulivu isiyo na machozi, bado wanamaanisha.

Diazepam (dawa ya kutuliza) za kununua dukani kwa wiki nyingi zinaleta utegemezi. Propranolol (dawa ya kupunguza mapigo ya moyo) mwenye pumu asiitumie. Na angalieni vichocheo: mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa ya jioni. Mapigo ya moyo yanayoletwa na mirungi mwili unayasoma kama hofu.

Ushauri nasaha nao ubadilishwe umbo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa 2012, unaelekeza tiba ya kubadili mawazo na tabia kwa watu wazima wenye usonji itumie maandishi na michoro, kanuni zilizo wazi, mafumbo machache, mapumziko, na mambo ambayo mtu anayapenda. Mwambie mshauri hivyo kikao cha kwanza. Akikuambia "fungua moyo wako", una haki ya kumwomba aseme kwa lugha ya moja kwa moja.

Anayetaka kuchunguzwa akiwa mtu mzima aende kliniki ya afya ya akili. Muhimbili ina idara yake, hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki, na Nairobi kuna Mathari. Nenda na ukurasa mmoja: ulianza kuongea lini, ulichezaje utotoni, shule walisema nini, sauti na vyakula visivyovumilika, kazi ulizoacha na sababu. Utoto umwulize mama au shangazi, kwa sababu bila habari za utotoni daktari hawezi kufunga hesabu.

---

Mwana_Tanga

Wengine nyumbani watasema ni majini au amerogwa. Ushauri wangu: msibishane juu ya imani. Dua iendelee kama familia inataka, na kliniki iendelee. Kinachopaswa kukataliwa kabisa ni kumfunga mtu, kumpiga, au kumsimamishia dawa.

---

Afisa_Rasilimali

Kazini. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Kwa Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 54, inayohusu watu wenye ulemavu. Lakini usianze na sheria. Anza na ombi dogo lisilogharimu, kwa maandishi, lenye faida kwa kazi:

"Naomba maelekezo ya kazi nipewe kwa ujumbe au barua pepe, yakitaja kinachotakiwa na siku ya mwisho. Yatanisaidia kutokosea."

Maombi yasizidi matatu kwa mkupuo. Yanayokubaliwa kirahisi ni hayo ya maandishi, meza iliyo mbali na mlango, na ajenda ya kikao siku moja kabla. Yote haya unaweza kuyaomba bila kutaja usonji. Kuutaja ni uamuzi wako; ukiutaja, mwambie mtu mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha jambo, na umwambie pamoja na unachohitaji. Wakisikia jina la hali bila ombi, watajaza wenyewe, na mara nyingi watajaza vibaya.

---

Nuru_Pwani

Na nyumbani kwa anayeishi peke yake? Umeme, maji, chakula.

---

Kisima_Kirefu (mleta mada)

Kila kitu kiwe na kiwango cha kuchukua hatua, ili pasiwe na kuamua.

Umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) ukifika uniti 10, nunua. Gesi, uwe na mtungi wa pili mdogo uliojaa. Maji, ndoo mbili zenye mifuniko zisiguswe ila yakikatika. Taa ya kuchaji na pawabenki vichajiwe kila Jumapili, vikae mahali pamoja, maana giza la ghafla pamoja na feni kuzima ni mshtuko mara mbili.

Chakula: andika vitano visivyohitaji kupika au vinavyohitaji dakika 10 tu, ubandike jikoni. Mayai ya kuchemsha, mkate na siagi ya karanga, ndizi, uji, maziwa mtindi, kwa mfano. Saa ya simu ilie mara tatu kwa siku na swali la mwili: nimekunywa? nimekula? nimekwenda haja? Mtu mwenye usonji anaweza kukaa saa nane bila kusikia njaa, kisha akatetemeka na kuiita hali hiyo wasiwasi. Akila kitu kile kile miezi mitatu, mwacheni ale. Ila mjue kuwa kubadilisha chapa ya unga, au kutoka sembe kwenda dona, kwake kunageuza ugali kuwa chakula kingine kabisa. Mwambieni kabla hajaketi mezani.